Nyaya, soksi na maji: kinachopangwa hasa ndani ya kompyuta inayopozwa kwa maji

Picha za kompyuta zinazopozwa kwa maji zina mtindo wake. Mabomba angavu yamekunjwa kwa pembe mraba, maji ya rangi yanapita ndani yake, na kutoka nyuma ya madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, inachomoza safu ya nyaya zilizovikwa nyuzi, zimelala sambamba utadhani zimepigwa pasi. Anayeziona mara ya kwanza huuliza zinauzwa wapi na zinasaidia nini. Swali la pili ndilo gumu, kwa sababu kazi tatu tofauti zimepewa jina moja.

Kazi ya kwanza ni kupanga njia: waya upite wapi, utokee tundu gani, ufungwe mahali gani. Ya pili ni kuuvika waya soksi, yaani mfuko mrefu mwembamba uliosukwa kwa nyuzi za nailoni au plastiki. Ya tatu ni kutengeneza nyaya upya, kwa urefu unaotosha kasha la kompyuta yako bila kuzidi. Ya kwanza inaifaa kila kompyuta. Ya pili ni urembo, na sisemi hivyo kwa dharau. Ya tatu ndiyo inayoweza kuunguza diski, madabodi na kadi ya grafiki kwa pamoja kabla hujaondoa kidole kwenye swichi. Matatizo mengi hutokea pale mtu anapodhani anafanya ya pili kumbe ameshaingia kwenye ya tatu.

Kuna dai moja la kuondoa njiani kwanza: kwamba nyaya zikipangwa vizuri kompyuta hupoa zaidi. Enzi za IDE, mtindo wa zamani wa kuunganisha diski kwa kebo bapa, pana kama mkanda, dai hilo lilikuwa na ukweli, maana kebo moja iliweza kukaa mbele ya feni na kukata upepo. SATA, mtindo uliochukua nafasi yake, ilipoingia mwaka 2003 kebo zikawa nyembamba, na makasha ya siku hizi yanaficha sehemu kubwa ya nyaya nyuma ya sahani ya madabodi, lile bamba ambalo madabodi hufungwa juu yake. Kwenye kompyuta ya maji hoja hiyo inadhoofika zaidi. Joto la prosesa na la kadi ya grafiki hubebwa na maji hadi kwenye rejeta, yale mapezi ya chuma yanayopozwa na feni, na rejeta zimefungwa kwenye kuta za kasha. Waya unaoning'inia katikati hauzuii chochote cha maana. Unaodhuru ni ule uliobanwa kati ya feni na rejeta, au uliogusa mapanga ya feni.

Sababu ya kweli ya kupanga nyaya kwenye mashine ya maji ni mkono utakaoingia humo siku nyingine. Maji hubadilishwa, kwa wengi mara moja kwa mwaka hivi. Siku hiyo utahitaji kufikia koki ya kumwagia, kuinamisha kasha, kufungua fitingi, yaani kiungio cha bomba, bila kuvuta waya, na kuona tone dogo kabla halijafika pabaya. Fundi anayepanga nyaya kwa ajili ya picha peke yake hujikuta siku hiyo anakata kebotai (vibanio vya plastiki vya kufungia nyaya) kumi ili afungue fitingi moja.

Tuanze na kazi ya hatari. Plagi kubwa ya madabodi ina matundu 24. Muundo wa ATX, kanuni inayofuatwa na madabodi na plagi zake, ulitolewa na Intel mwaka 1995 ukiwa na matundu 20, na manne yakaongezwa mwaka 2003 kwenye toleo la ATX12V 2.0. Kwa upande wa madabodi mpangilio ni mmoja duniani kote. Nyaya 8 nyeusi ni hasi, yaani njia ya umeme kurudi, 5 nyekundu hubeba volti 5, 4 za rangi ya machungwa hubeba volti 3.3, na 2 za njano volti 12. Zambarau ni volti 5 za kusubiri, ambazo zipo hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kijani ni waya wa kuwashia, kijivu huijulisha madabodi kwamba umeme umetulia, na bluu hubeba volti 12 hasi ambazo leo hazina kazi kubwa. Tundu namba 20, lililokuwa la volti 5 hasi zamani, huachwa tupu.

Huo ni upande wa madabodi. Upande wa pawasaplai, yaani boksi linaloipa kompyuta umeme, hakuna kanuni. Kwenye pawasaplai ambazo nyaya zake huchomolewa, kila kampuni hupanga matundu inavyotaka, na wakati mwingine kampuni hiyo hiyo hubadilisha mpangilio kutoka toleo moja hadi jingine. Plagi zinaingia vizuri, klipu inalia, kila kitu kinaonekana sawa. Kisha volti 12 zinakwenda mahali palipotakiwa volti 5, na diski zako zote zinakufa kwa pamoja. Kwa hiyo kebo ya pawasaplai moja isichomekwe kwenye nyingine mpaka umethibitisha mpangilio wa pande zote mbili, tundu kwa tundu, kwa mita ya umeme iliyowekwa kwenye mlio, ambayo hulia ncha mbili zikiwa zimeungana.

Baadhi ya pawasaplai huigawa plagi ya 24 kwa upande wao kuwa plagi mbili, moja ya matundu 10 na nyingine ya 18. Jumla 28. Hayo manne ya ziada yanatoka wapi, wakati madabodi ina 24 tu, tena moja tupu? Yanatokana na nyaya pacha. Kuna pini kwenye upande wa madabodi ambazo nyaya mbili zimebanwa ndani ya pini moja: mmoja mnene unaobeba umeme, na mwembamba unaorudi kwenye pawasaplai kupeleka habari. Pawasaplai huutumia huo mwembamba kupima volti zilizofika mwisho wa safari, si zilizotoka kwake, na kurekebisha kilichopotea njiani. Maarufu zaidi ni ule wa volti 3.3 kwenye tundu namba 13. Mtu anayetaka safu safi ya nyaya 24 huona pacha hao kama uchafu na huwakata. Matokeo yake pawasaplai inaweza kukataa kuwaka, au volti zikayumba mzigo ukiongezeka. Pacha hafutwi. Ama unambana pamoja na mwenzake kwenye pini moja, ama unamuunganisha karibu na upande wa pawasaplai, nyuma ya sahani, ambako hakuna mpiga picha.

Uvimbe unaouona kwenye baadhi ya kebo za kiwandani, mara nyingi karibu na plagi na umefunikwa kwa mpira mweusi, ni kapasita, vifaa vidogo vinavyohifadhi umeme. Zimewekwa kupunguza mitetemo ya volti. Wengi huziondoa kwa sababu soksi haipiti juu yake, na kompyuta huendelea kufanya kazi, lakini ujue ulichokiondoa kilikuwa na kazi.

Waya wenyewe. Kipimo cha kawaida ni 18 AWG (AWG ni kipimo cha Kimarekani cha unene wa waya), ambacho shaba yake ina unene wa milimita 1 hivi. Prosesa inayokula wati 200 kupitia plagi ya matundu 8 huvuta karibu ampea 17, zikigawanywa kwenye nyaya nne za njano kila mmoja unabeba ampea 4 na kidogo. Plagi ya matundu 8 ya kadi ya grafiki ina nyaya tatu tu za volti 12, na wati zake 150 zinafanya kila waya ubebe kiasi hicho hicho. Hapo 18 AWG inatosha bila shida. Jambo la kuangalia ni shaba. Popote unaponunua, iwe Kariakoo, Luthuli au mtandaoni, kwangua ncha ya waya kwa kisu. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inapitisha umeme kwa taabu zaidi, hupata joto, na nyuzi zake hukatika zikikunjwakunjwa. Iache.

Pini hubanwa kwa koleo maalumu lenye meno mawili: jino la mbele hukumbatia shaba, la nyuma hukumbatia ngozi ya waya. Koleo la kawaida litaiponda pini, waya utaonekana umeshika, na siku moja utachomoka nyuma ya plagi. Vuta kila waya baada ya kuubana. Kutoa pini kwenye plagi ya kiwandani kunahitaji chombo chembamba chenye vidole viwili kinachobonyeza vijibawa vya pini kutoka pande zote. Pini za stepla mbili hufanya kazi hiyo pia, kwa uvumilivu.

Sasa soksi. Zipo za aina mbili kubwa. Moja ni kamba ya parashuti, ile inayoitwa 550 kwa sababu kamba nzima ina uwezo wa kuhimili ratili 550, karibu kilo 250. Unavuta nyuzi zake za ndani zote, unabaki na ganda la nailoni laini linalopita kwenye waya. Ni rahisi kukunja, rangi zake ni nyingi, na bei yake ni nafuu. Nyingine ni soksi iliyosukwa kwa nyuzi ngumu za plastiki, kama zile za MDPC-X ya Ujerumani. Hii hung'aa, hushika umbo, na ukiisukuma hupanuka, ukiivuta hubana. Ndiyo maana huivishi kwa kuivuta: unaisukuma kidogo kidogo kuelekea mbele, na ikishafika mwisho unaivuta kutoka pande zote ili ikaze, ndipo unafunga ncha. Isipokazwa, baada ya wiki chache italegea na rangi ya waya itachungulia.

Kwa sababu hiyo ya kuchungulia, wengi hutumia nyaya nyeusi tupu. Safi kwa macho, lakini umepoteza alama zote za rangi nilizozitaja juu. Waya wa volti 12 na wa hasi sasa ni mapacha wasiotofautishika. Andika namba kwenye kipande cha solotepu kwenye kila ncha, na usikitoe mpaka waya umeingia kwenye tundu lake.

Ncha za soksi hufungwa kwa njia mbili. Ya zamani ni hitishirinki, kile kimrija kinachosinyaa kikipata joto: unakata kipande cha sentimita moja na nusu, ambacho nusu yake inashika soksi na nusu nyingine inaingia ndani ya plagi. Ni imara na mgeni anaimudu. Njia ya pili haionyeshi mrija wowote. Mrija unatumika kushikilia joto tu: unaupasha pamoja na soksi mpaka plastiki ya soksi inayeyuka na kushikamana na ngozi ya waya, unaufinya kwa vidole, kisha unauondoa ukingali laini. Soksi inaonekana kutokea moja kwa moja kwenye plagi. Kwa maoni yangu uzuri huo hauilipi hatari yake kwa anayeanza, kwa sababu sekunde mbili za ziada za kiberiti cha gesi zinatosha kuiyeyusha ngozi ya waya pia, na waya ulio uchi ndani ya soksi hauonekani mpaka upige shoti.

Ile safu iliyonyooka ya kwenye picha haitokani na soksi. Inatokana na urefu. Matundu ya plagi hizi yameachana milimita 4.2. Safu ikipinda robo duara, waya wa nje unasafiri milimita 6.6 zaidi ya jirani yake wa ndani. Plagi ya 24 ina safu mbili, kwa hiyo ikipinda kutoka kwenye madabodi kwenda nyuma tofauti ni hiyo moja tu, nayo hufichwa kwa vitana, vile vipande vidogo vya plastiki vyenye matundu vinavyoshikilia nyaya mahali pake. Lakini ukitaka safu hiyo ipinde kwa ubavu ikiwa bado bapa, una nguzo 12 za nyaya, na kati ya ya kwanza na ya mwisho tofauti inafika sentimita 7. Hakuna kitana kitakachoificha hiyo. Ndiyo maana wanaotengeneza nyaya upya hukata kila jozi kwa urefu wake, na ndiyo maana kuvika soksi kebo za kiwandani, ambazo zote zina urefu mmoja, humwacha mtu akishangaa kwa nini zake zinavimba katikati.

Kwa asiyetaka kukata wala kubana, zipo nyaya za kuongezea urefu, za sentimita 30 hivi, zikiwa zimeshavikwa. Upande mmoja unaingia kwenye madabodi, mwingine unapokea plagi ya kiwandani. Kwa kuwa miisho yote miwili inafuata kanuni ya upande wa madabodi, suala la mpangilio wa pawasaplai halikuhusu, na hiyo peke yake ni sababu nzuri ya kuanzia hapa. Gharama yake ni nafasi. Nyaya za zamani bado zipo nyuma pamoja na maungio, na nyuma ya sahani ya makasha mengi kuna sentimita mbili au tatu tu.

Plagi moja siiongezei kitu: ile ya wati 600 ya kadi za grafiki kubwa. Ilipokuja na kadi ya RTX 4090 ya Nvidia mwaka 2022 baadhi ya plagi ziliyeyuka, nyingi zikiwa hazikusukumwa hadi mwisho, na mwaka 2023 ikafuatwa na toleo la 12V-2x6 ambalo pini zake ndogo za ishara ni fupi zaidi ili kadi isivute mzigo plagi ikiwa imelegea. Hesabu yake haina huruma: wati 600 ni ampea 50, kwenye nyaya sita ni zaidi ya ampea 8 kila mmoja, wakati pini imepimwa kwa 9.5. Kila ungio la ziada ni mahali pengine pa kupata joto. CableMod, kampuni inayojulikana kwa nyaya za aina hii, ilirudisha mwaka 2024 adapta zake za kona zipatazo 25,000 zilizouzwa Marekani. Tumia kebo moja inayotoka kwenye pawasaplai hadi kwenye kadi, na usianze kuipinda kabla ya sentimita tatu na nusu kutoka kwenye plagi, hata kama kioo cha kasha kinakubana.

Sasa maji. Kanuni ninayoifuata ni kwamba bomba huchagua njia kwanza, waya hufuata. Bomba gumu la akriliki halijadiliani. Likishakatwa na kukunjwa, limekaa. Waya unaweza kuzunguka. Lakini mpangilio wa kufunga ni kinyume chake kwa plagi moja: ile ya umeme wa prosesa, iliyoko kona ya juu kushoto ya madabodi. Ukishafunga rejeta ya juu na feni zake, mkono hauingii tena huko. Ichomeke mapema, au utaifungua rejeta yenye maji.

Kasha kama Lian Li O11 Dynamic, lililotoka mwaka 2018, limerahisisha mambo kwa kuweka pawasaplai chumba cha nyuma na kuacha chumba cha mbele kwa maji. Linachukua rejeta tatu za milimita 360. Hapo ndipo kazi ya nyaya inapohamia: rejeta tatu ni feni tisa, kila feni ina nyaya nne, hizo ni 36, na kama zina taa ongeza tatu kwa kila moja. Rundo la nyuma linakuwa kubwa kuliko la mbele, na hakuna anayelipiga picha. Taa zina mtego wake pia. Za pini tatu ni volti 5, za pini nne ni volti 12, na taa ya volti 5 ikipewa 12 haiwaki tena.

Pampu ipate umeme wake moja kwa moja kutoka kwenye pawasaplai. Pampu ya D5, inayotumika sana, inaweza kula wati 23, karibu ampea 2, wakati soketi ya kawaida ya feni kwenye madabodi hutoa ampea 1. Waya wake mwembamba unaokwenda kwenye madabodi ni wa kuongozea mwendo na kuripoti mizunguko. Huo usiuache ukining'inia kwa kuona kwamba pampu inazunguka bila huo, kwani ndio unaoijulisha kompyuta pampu ikisimama.

Kuna jambo kuhusu soksi ambalo husikii likitajwa na wanaoziuza: nyuzi zilizosukwa hunywa maji. Tone likidondokea waya wa kawaida huteleza na kuanguka. Likidondokea soksi ya nailoni, hutambaa ndani ya nyuzi na linaweza kufika hadi kwenye plagi, nawe kwa nje huoni kitu. Hivyo nyaya zisipite chini kabisa ya fitingi kama kuna njia nyingine, na pale zinapolazimika kupita, ziachie tumbo: waya ushuke chini ya soketi yake kisha upande, ili maji yaishie kwenye kona ya chini badala ya kuingia ndani.

Kabla maji hayajaingia, jaribu mfumo kwa hewa, kwa presha isiyofika bar moja, na uone kama mshale wa kipimo cha presha unashuka. Ukishajaza, chomoa plagi zote isipokuwa ya pampu, unganisha tundu la waya wa kijani na mojawapo ya matundu ya nyaya nyeusi kwenye plagi ya 24, na pawasaplai itawaka bila kuipa madabodi umeme. Weka karatasi nyeupe za jikoni chini ya kila fitingi. Wakati huo huo, pima plagi zako mpya kwa mita: volti 12, 5 na 3.3, kila moja isizidi wala kupungua kwa asilimia 5, na kila moja kwenye tundu lake. Ikiwa pawasaplai yako haina nyaya za kuchomoa, vika kuanzia pale nyaya zinapotokea nje. Usilifungue boksi lake, kwani kapasita za ndani hushikilia zaidi ya volti 300 hata plagi ya ukutani ikiwa imetolewa.

Nyaya za kiwandani zilizobaki ziweke kwenye mfuko, na juu yake uandike kwa kalamu isiyofutika jina kamili la pawasaplai, toleo na mwaka ulioinunua.